Mtoto wa Darini

"Basi fungua mlango tumwone huyo mtoto."

"Mtoto gani, Mama Pasi?"

"Huyo unayemwogesha."

"Mimi sina mtoto humu ndani."

"Sabuni ya mtoto nimeiona. Beseni nimeliona. Maji ya vuguvugu ulichemshia kwenye jiko langu, ukaniambia unataka kuosha miguu. Miguu gani ya mtu mzima inaoshwa kwa sabuni ya mtoto?"

"Miguu yangu laini."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu na pasi ya mkaa mkononi, ameisahau kabisa, majivu yanadondoka kwenye gauni lake.

"Na jana nilichungulia," akasema.

"Ulichungulia dirisha langu?"

"Pazia lilifunguka."

"Lilifunguka lenyewe?"

"Upepo. Usinitoe kwenye njia, Redio. Nilimwona mtoto kwa macho yangu haya. Amekaa kitandani, nywele zimemfika mabegani, macho hayapepesi. Na wewe unatemea pamba mate, unampaka usoni. Unatema tena, unampaka tena. Jamani, nyinyi mmezaa. Mtu anamfuta mtoto uso kwa mate kutwa nzima?"

Seremala wa chumba cha mbele akaacha randa yake katikati ya ubao.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kilichokuwa nyuma ya mlango ule. Kwa aliyechelewa, nimfupishie asije akaniona mchawi bure. Banda langu la chai liliungua. Mume wangu akaondoka na mpangaji wetu, akaniachia sufuria na mifuniko isiyolingana nazo. Binti yangu yuko kwa shangazi yake, anaoshea watu vyombo ndipo aruhusiwe kufungua daftari. Mimi nikapokelewa na Bibi Mwenye Nyumba, chumba cha mwisho kabisa uani, na Bibi akaniahidi kwamba chumba cha pembeni yangu kikiachwa ni changu pia, nimlete binti.

Sharti lake lilikuwa moja. "Kilichomo ndani ya nyumba yangu ni changu. Ukikiokota, niite."

Mpangaji aliyenitangulia alitolewa kwa sababu ya komeo. Komeo la shaba, kuukuu, aliling'oa akaliuza. Bibi hakupiga kelele. Alimwekea godoro lake nje, akalikunja vizuri, akampa na kamba ya kulifungia.

Wiki iliyopita niliwaacha mimi nikiwa juu ya kiti, kiti kikiwa juu ya meza, mkono wangu umezama ndani ya dari nikitafuta panya aliyekuwa akinuka. Na mkono ukashika nywele.

Hakuwa panya. Wala hakuwa mtoto.

Alikuwa sanamu ya msichana, kimo cha mtoto anayejifunza kukimbia. Uso wa karatasi iliyopondwa na gundi, ukapakwa rangi. Macho ya kioo. Nywele za mtu kabisa. Mkono wa kulia umeshika kipasi cha shaba, na mgongoni kuna tundu la ufunguo. Ufunguo wenyewe alivishwa shingoni kama hirizi. Ukiuzungusha, tumbo linakoroma, mkono unakwenda mbele unarudi nyuma, kra, kra, kra, na kila anapopiga pasi anainamisha kichwa kama anayekuitikia. Alisimama juu ya kisanduku kilichoandikwa kwa herufi za dhahabu: HAIUNGUZI, HAICHELEWI.

Tangazo la pasi. La enzi zile maduka yana madirisha makubwa ya kioo, watu wanasimama nje midomo wazi kumtazama msichana asiyechoka.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa upendo. Nilimwona mchafu, vumbi la miaka na mavi ya popo, nikafanya vile mama yeyote angefanya. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya mtoto, nikamwogesha. Nilianza na mkono wa kushoto. Dole gumba likaniyeyukia kiganjani kama mkate kwenye chai.

Nilimkimbilia fundi saa wa kona, rafiki yangu tangu enzi za banda, na kisanduku nimekificha ndani ya gunia la mkaa. Alipokiona, akafunga kibanda chake nusu.

"Mwenye kisanduku yuko wapi?"

"Nyumbani. Nimemwogesha."

Fundi saa alijishika kichwa. "Dada, huyo ni karatasi. Maji ni sumu yake. Anasafishwa kwa mate."

"Mate ya nini?"

"Mate yako wewe. Pamba kidogo kwenye kijiti, unailowesha mdomoni, unaiviringisha juu ya uso. Usisugue. Ikichafuka, tupa, chukua nyingine. Mama yako alikufutaje tongotongo njiani mkienda kwa watu?"

Kweli kabisa. Kwa mate.

Akaniambia yupo mtu, wanamwita Bwana Miwani, anazunguka akinunua matangazo ya kale: mabango ya bati, makopo ya chai, saa za dukani. Kwa sanamu kama ile, iliyo safi na inayofanya kazi, banda langu lingesimama tena, na lingekuwa na paa la bati jipya.

Hapo ndipo nilipofunga mlango wangu. Mimi, ninayeitwa Redio kwa sababu habari hulala kwangu kabla ya kwenda kwa wengine. Mimi ninayekula mlango wazi, anayepita anakaribishwa, asiyepita anaitwa. Nilifunga mlango, nikakaa natema mate kwenye pamba. Mashavu yake yakaanza kutoka chini ya uchafu, mekundu, kama mtu anayezinduka.

Basi turudi mlangoni.

"Siku zote mlango wako wazi," Mama Pasi alikuwa anasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka, ikaniogopesha zaidi. "Ukila tunakula. Sasa unakula peke yako. Unajua mtu anayekula peke yake anaficha nini?"

Kabla sijajibu, gari la matangazo likapita barabarani. Kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza.

"Mtoto amepotea. Mtoto wa kiume, umri wa miaka mitatu, amevaa shati jekundu. Atakayemwona..."

Sikusikia yaliyobaki. Niliona vichwa. Vyote viligeuka kuliangalia gari, kisha vikageuka pamoja, polepole, kuuangalia mlango wangu.

Ndugu zangu, sijawahi kuogopa kama pale. Hata siku banda lilipoungua sikuogopa hivyo, maana moto haukujui jina. Hawa walikuwa wananijua. Seremala ndiye aliyenitengenezea kitanda. Sasa alikuwa ameshika nyundo, na sidhani kama alijua ameishika.

"Redio," akasema. "Fungua tu, mama. Yaishe."

Nilikuwa na njia mbili. Nifungue, waone ni sanamu, nisalimike mkononi mwao. Kisha Bibi aone kilichotoka darini mwake, na godoro langu likunjwe vizuri. Au nisifungue, wafungue wao.

Mdomo wangu, ambao haujawahi kuninyima neno, ukanipa neno baya.

"Ana surua," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Msichana. Kaletwa usiku wa juzi, kajaa vipele mpaka machoni. Surua haitaki mwanga, ndiyo maana nimefunga. Sikuwaambia kwa sababu mna watoto, mngenifukuza."

"Na mate?" Mama Pasi akauliza.

"Macho yanaganda. Maji yanamchoma."

Alinitazama. Namjua Mama Pasi. Mkunjo uliojificha chini ya kola anauona. Lakini neno surua lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Mwenye mtoto alimvuta mtoto wake. Seremala alirudi hatua nyuma, akaiona nyundo, akaiweka chini kwa aibu.

Na kama vile Mungu alikuwa ananitania, gari la matangazo likarudi.

"Mtoto ameonekana. Alikuwa amelala chini ya kitanda cha shangazi yake. Tunawashukuru wote. Na msikose sabuni mpya ya unga..."

Watu wakapumua. Mmoja akacheka, wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote. Nikadhani yameisha.

Hamjui majirani zangu. Ubaya wao ungeniponya. Kilichotaka kuniua ni wema wao.

Mama Pasi alikuja kwanza na bakuli la uji. "Nisamehe, mwenzangu. Nimekuita mchawi mbele ya watu na wewe una mgonjwa."

"Hukuniita mchawi."

"Nilikuwa naelekea huko." Akasukuma mlango kwa bega. "Niache nimlishe mimi, wewe ulale kidogo. Macho yamekuingia ndani."

"Amelala."

"Nitamwangalia tu."

"Mama Pasi, una nguo za watu. Vipele vya surua vikikaa kwenye mashuka ya watu utawalipa nini?"

Hilo lilimgusa. Akaniachia uji, akaenda. Nilikaa kitandani na yule msichana, nikanywa uji wake wote huku ananitazama.

Akaja mke wa seremala na kijigauni kilichokuwa cha mwanawe. Akaja mwingine na majani ya kuogeshea. Kila aliyekuja aliuliza jina la mtoto, na mimi kila mara nilitoa jina lililonijia, mpaka nikasikia wawili wanabishana bombani mtoto anaitwa nani hasa.

Alasiri akaja Bibi mwenyewe. Bibi hatembei ovyo. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani, na ukimsikia anakuja, fimbo kwanza kisha kiatu, unajua amekusudia. Alisimama nje ya mlango, hakuugusa.

"Mwanangu."

"Naam, Bibi."

"Nimesikia una mgeni."

"Nilitaka kukwambia, Bibi, ila..."

"Mtoto si komeo. Humwombei mtu ruhusa ya kumleta mtoto." Nilimsikia anapumua upande wa pili wa ubao. "Kesho asubuhi nesi wangu atakuja kunichoma sindano ya mguu. Nitamleta kwako amwone huyo mdogo."

"Asante, Bibi."

"Analia?"

"Nani?"

"Mtoto. Sijamsikia akilia."

"Ni mpole."

"Hm," akasema Bibi. Fimbo, kiatu, fimbo, kiatu.

Sasa mnaona nilipofika. Nikikaa, nesi anamfunua sanamu. Nikimrudisha darini, watauliza mgonjwa amekwenda wapi, na mimi nimekwisha kumvika jina, tena majina. Ilibaki njia moja tu: asubuhi, kabla ya nesi, mtoto apelekwe hospitali. Na Bwana Miwani, fundi saa alikuwa ameniambia, angefika kibandani asubuhi hiyo hiyo.

Kulipokucha nilimvika kijigauni cha mke wa seremala. Nikamfunika kichwa, kisanduku chake nikakitia kikapuni. Nikamfunga mgongoni kwa shuka, nikakaza mpaka kipasi chake kikanichoma mbavuni. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona mama amebeba mtoto. Nilimwonea huruma mama yule, alivyokuwa amekauka midomo.

Uani walikuwa wamekwisha kuamka. Mama Pasi alikuwa anapuliza mkaa. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na lango, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuna anayetoka nyumba ile bila kupita mbele ya goti la Bibi.

"Naona unampeleka," akasema Mama Pasi.

"Amezidiwa."

"Si nesi anakuja?"

"Hawezi kungoja."

"Simama nimwone mjukuu," akasema Bibi.

"Ana surua, Bibi, atakuambukiza."

"Surua niliugua kabla mama yako hajazaliwa. Inama."

Niliinama. Ungefanyaje? Nilihisi mkono wake ukiingia chini ya shuka, ukipapasa, ukiupata ule mkono mdogo wa kushoto. Ukaushika. Ukakaa nao.

"Baridi," akasema Bibi.

Mama Pasi akainuka. "Baridi vipi? Mwenye surua anaungua."

"Nasema wa baridi. Tena mgumu."

Seremala alikuwa ametoka na mswaki mdomoni. Akautoa. "Yarabi," akasema. "Mtoto amekufa. Huyu mama anatembea na maiti na hajui."

"Au anajua," mtu mwingine akasema nyuma yangu, taratibu.

Nilitaka kusema neno, lolote, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa nalo. Nikajaribu kunyanyuka. Fundo la shuka likabana. Na huko mgongoni, mahali fulani kati ya mbavu zangu na tumbo lake la chuma, kitu kikafyatuka.

Kra.

Niliganda pale pale.

Kra, kra, kra.

Kichwa kikaanza kuitikia, kinanigonga katikati ya mabega. Mkono ukaanza kunipiga pasi mgongo, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Anatikisika," akasema Mama Pasi. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Yuko hai. Mnasikia kifua chake kinavyokoroma? Mama wee, mtoto anakoroma."

"Degedege," nikasema. "Niacheni nipite."

Wakanipisha. Lakini sikuwaangalia wao, nilimwangalia Bibi, kwa sababu Bibi peke yake hakushtuka. Mkono wake ulikuwa bado chini ya shuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia wimbo chumba cha pili na anajaribu kukumbuka maneno yake. Alisikiliza kra zote mpaka zikaisha.

Kisha akautoa mkono, akaukunja gotini.

"Mpeleke," akaniambia. "Mpeleke, mwanangu. Na urudi. Usichelewe."

Nilikimbia njia nzima. Watu wananipisha, wengine wananiombea.

Fundi saa alikuwa ananingoja, na ndani, kwenye kiti cha wateja, aliketi mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nilifungua shuka, nikamsimamisha msichana juu ya kisanduku chake.

Bwana Miwani aliinuka. Alimzunguka. Alimtazama usoni kwa kioo cha kukuzia, karibu sana, kama anataka kumnong'oneza.

"Nani amesafisha uso huu?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Mate."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wengi wanaleta nyuso zilizosuguliwa kwa mchanga kama masufuria. Wewe una mkono." Kisha akauona ule mwingine. "Dole gumba?"

"Aliwahi kuoga," akasema fundi saa haraka.

"Hm. Linaundika." Akavua miwani ya machoni, akashusha ile ya kichwani. "Na mwenzake yuko wapi?"

Nilidhani anamuuliza fundi saa. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Mwenzake nani?"

"Hawa hawakutengenezwa mmoja mmoja, mama. Msichana anapiga pasi. Mvulana amesimama kando yake na shati jeupe, anainua kofia kushukuru. Tazama hapa." Akanionyesha ubavuni mwa kisanduku, ndoano ndogo ya shaba ambayo nilikuwa nimeisafisha kwa mate yangu bila kujiuliza ya nini. "Hapa ndipo kisanduku cha pili kinapojishika. Mmoja ni mwanasesere. Wawili ni mali."

"Nilimkuta peke yake."

"Mahali ulipomkuta, ulitazama kote?"

Nikakumbuka mkono wangu ndani ya dari. Ulifika nywele, ukarudi. Dari ile haina ukuta ndani. Inakwenda moja kwa moja juu ya vyumba vyote, kutoka kwangu kwenda kwa Mama Pasi, mpaka lango.

"Mlete leo," akasema Bwana Miwani. "Jioni naondoka, na sirudi upande huu karibuni. Ukimleta, unapata banda lako kabla hujalala. Huyu mwache hapa."

"Nimwache?"

"Ukimfunga tena mgongoni atavunjika shingo. Naona amekwisha kufyatuka mara moja."

Nilimtazama fundi saa. "Mwache, dada," akasema. "Mimi nipo."

Nikamwacha. Mnisamehe, au msinisamehe, lakini nilimwacha pale juu ya meza ya saa zilizokufa, na nilipogeuka mlangoni nilihisi ananitazama mimi. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi mpaka nikayumba.

Njiani nilipanga uongo. Amelazwa. Madaktari wamesema hatari imepita. Wageni hawaruhusiwi. Niliurudia kila hatua, kama wimbo, na kila niliporudia nikaona mashimo yake.

Nilipofika langoni, kigoda cha Bibi kilikuwa kitupu. Ungo wa mchele haupo. Randa ya seremala imelala juu ya ubao, mwenyewe hayupo. Pasi ya Mama Pasi imeketi juu ya kitako chake, mkaa umekufa ndani, na shati la mtu limeachwa nusu limenyooka, nusu makunyanzi. Mama Pasi haachi shati nusu. Hata siku aliyofiwa hakuacha.

Mlango wake ulikuwa umerudishwa. Niliita kidogo, hodi ya nusu mdomo. Kimya.

Nikajiambia wamekwenda hospitali kunitafuta. Watu wa aina ile, watabeba chupa ya chai na mito. Kwa hiyo nina nafasi. Ni sasa au basi.

Niliingia kwangu, nikavuta meza, nikapandisha kiti juu ya meza, nikapanda. Kiti kilikuwa kinagonga meza, ko ko ko. Nikasogeza ule ubao wa dari. Safari hii sikuingiza mkono tu, niliingiza na kichwa.

Nilitarajia giza.

Hakukuwa na giza. Upande wa Mama Pasi ubao mwingine ulikuwa umeondolewa, na mwanga ulikuwa unapanda kutoka chini, umejaa vumbi. Niliona vumbi la dari lililolala miaka yote hiyo, na katikati yake alama ya mraba, safi, ya kisanduku kilichoinuliwa muda si mrefu. Harufu ya vitunguu vilivyokaangwa ilikuwa inapanda na mwanga.

Na nikasikia.

Kra. Kra. Kra.

Nilishika ukingo wa dari.

"Shuka, mwanangu," ikasema sauti ya Bibi kutoka kule chini, taratibu, kama mtu anayemwita kuku. "Utaanguka. Shuka uje kwa Mama Pasi ule, chakula kinapoa."

"Mlango uko wazi, Redio, ungeusukuma tu," akasema Mama Pasi. "Sisi hatuli tumejifungia."

Kijiko kiligusa sahani. Mtu alisogeza mkeka.

"Tumekutengea wewe, na mtoto tumemtengea," akasema Bibi. "Umlete naye. Huyu kaka yake hajamwona tangu siku nilipowaficha humo kwa mkono wangu, duka la baba lilipofungwa. Karibuni nyote wawili."